Bunia na Ubishi wa Nani Alitangulia

Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, ina swali lisilochakaa: nani alitangulia? Huulizwa matangani watu wakishakula, huulizwa kwenye ofisi ya ardhi, huulizwa redioni mjadala ukikauka, na huulizwa kwa ukali zaidi kila nafasi ya uongozi inapobaki wazi. Muulizaji hatafuti jibu, kwa kuwa analo tangu utotoni: babu yake ndiye aliyetangulia. Wengine walimkuta, wakakaribishwa, wakapewa pa kulala, na sasa wamesahau adabu.

Mwombe mtu akusimulie historia ya mji huu, na mara nyingi utapewa hesabu ya nani alitangulia badala ya historia. Hata waandishi wa ripoti za wageni huibeba na kuipamba kitaalamu: makabila mawili, Wahema wafugaji na Walendu wakulima, chuki ya tangu na tangu. Makala haya yanaipinga. Hesabu hiyo ni ya kikatili, lakini si hilo tu linalonisukuma. Ni ya uongo, na wanaoishikilia hawaiamini wenyewe pale inapogusa mifuko yao.

Kinachodaiwa

Tuueleze mtazamo huu kwa haki, maana wanaoushika si wajinga wala si waovu wote. Unasema hivi. Mji una wenyewe. Kabla ya benki na uwanja wa ndege palikuwa na mto Shari, malisho na mashamba, na watu waliozika wazee wao hapo. Watu hao walikuwa na mila zao, na kila kabila jirani lilikuwa na zake na mpaka wake. Wanande wa Butembo na Beni wenye maduka, Waalur wa Mahagi, Walugbara wa Aru, watumishi wa serikali walioletwa kutoka Kisangani: hao wote wanakaribishwa, ila wasijisahau. Vita vilizuka kwa sababu mipaka ilivurugwa, kwa hiyo tiba ni kuirudisha. Na historia ya mji iandikwe kuanzia kwa wenyewe, mila zikiorodheshwa kabila kwa kabila, ili kila mtu ajue mahali pake.

Nyuma ya madai haya kuna maumivu ya kweli. Kuna watu Ituri walioamka siku moja wakaambiwa shamba la baba yao ni la mwenye karatasi fulani iliyopigwa muhuri mbali, kwa lugha wasiyoisoma. Mtu wa namna hiyo hubaki na silaha moja: kumbukumbu ya babu. Kumcheka ni utovu wa utu. Lakini silaha ikishikwa na kila mtu dhidi ya kila mtu, lazima tuichunguze.

1. Hesabu inaanza mwaka gani?

Anayetaka kumpa nchi aliyetangulia akubali kwanza matokeo ya kanuni yake. Katika Ituri, msitu ulikuwa na Wambuti muda mrefu kabla ya wote wanaogombana leo. Kitabu cha Colin Turnbull, The Forest People, kiliwafanya wajulikane dunia nzima mwaka 1961. Basi tufuate kanuni: wapewe ofisi ya gavana, wapewe hati za viwanja vya katikati ya mji, na sisi wengine tuombe kwao ruhusa ya kujenga choo. Sijamsikia hata mtetezi mmoja wa wenyeji akipendekeza hivyo. Mambo ya kutangulia, kumbe, yana ukomo wake, na ukomo huo huangukia sawasawa dakika moja baada ya babu wa msemaji kuwasili.

Wanahistoria wengi wanaeleza kwamba wasemaji wa Kilendu walikuwa juu ya nyanda hizi kabla ya wafugaji wa Kihema kuvuka kutoka upande wa Bunyoro. Vizuri. Lakini masimulizi hayohayo yanawatoa Walendu kaskazini, na yanawatoa Waalur upande wa mto Nile. Wabira, ambao leo wengi huwataja kuwa wenye ardhi inayouzunguka mji, nao wana simulizi la safari. Kila kabila la Ituri linajua kusimulia lilikotoka. Kisha, bila kuvuta pumzi, linatangaza kwamba halikutoka popote.

2. Mipaka ya mababu iliyochorwa na karani

Dai la pili ni kwamba kila kabila lilikuwa na nchi yake yenye mpaka. Tazama ramani basi. Walendu Pitsi, Walendu Djatsi, Walendu Tatsi, Walendu Bindi. Bahema Nord, Bahema Sud, Bahema Banywagi. Sidhani kuna babu aliyepanda kilima, akatazama ng'ombe wake, akajiita mtu wa Kaskazini kwa Kifaransa. Majina hayo na mistari yake ni kazi ya utawala wa Kibelgiji, uliotaka kila mtu awe na chifu mmoja, kila chifu awe na kabila moja, na kila kabila liwe na mpaka ambao mkusanya kodi angeweza kuutembelea.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa na vurugu yenye manufaa. Wafugaji walihitaji nafaka, wakulima walihitaji maziwa, ngozi na samadi; walioana, waligombana, walihama, walitegemeana na pia kudhulumiana. Ushahidi ulio wazi kuliko wote hauko katika jumba la makumbusho, uko midomoni: Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu. Wenzao wa kusini wanasema Kihema, kilicho karibu na Kinyoro. Yaani watu ambao redio za dunia zinatuambia ni maadui wa damu tangu kuumbwa kwa milima, nusu yao walilelewa kwa lugha ya huyo adui, na mama zao ndio waliowafundisha.

Sisemi palikuwa peponi. Mwaka 1911 chifu wa Kihema, Bomera, aliuawa Walendu wa kusini walipoasi. Uasi ule ulikuwa na sababu: ukoloni ulikuwa umewaweka watu chini ya machifu wasiowataka. Wabelgiji wangeweza kujiuliza kama mpangilio wao una kasoro. Badala yake waliona ushahidi kwamba makabila haya hayawezi kukaa pamoja, wakazidi kuyatenganisha. Leo mjukuu wa aliyetenganishwa anautetea mpaka ule kama urithi mtakatifu. Ni nadra karani wa kikoloni kupata mlinzi mwaminifu namna hii, tena asiyelipwa mshahara.

3. Mila zenyewe zilikuwa za kupokea

Hapa ndipo watetezi wa mila wanapojikwaa juu ya mila. Wanatuambia kwamba desturi ya mababu ilikuwa kumjua mgeni na kumweka mahali pake. Aidan Southall, katika kitabu chake Alur Society cha mwaka 1956, alieleza kinyume chake. Jirani za Waalur, Walendu na Waokebo, walikuwa wakienda kwa chifu wa Kialur kumwomba mtoto wake aje akae kwao, aamue magomvi yao na awaletee mvua. Wakati mwingine hata walimchukua bila kungoja ruhusa. Waokebo wenyewe walikuwa wahunzi, na jembe lao lililima mashamba ya watu wasiosema lugha yao. Yaani mila ya nyanda hizi, katika jambo zito kama uongozi, ilikuwa kumfuata mtu wa nje kwa sababu si wa ukoo wowote unaogombana. Leo tunaambiwa kwamba mila hiyohiyo inadai kila kiti kikaliwe na mzaliwa wa hapo, na kila mzaliwa aonyeshe kaburi la babu.

Mfano wa mgeni aliyekataliwa kwanza, kisha akapokewa, uko Boga, kusini mwa teritwari ya Irumu. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika huko kuhubiri. Chifu Tabaro alimtesa, akataka aondoke. Apolo akapigwa, baadaye akafungwa, akarudi tena. Alifariki mwaka 1933, akazikwa hukohuko Boga, naye alikuwa ameagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi ya kwao. Kanisa Anglikana la Kongo nzima linahesabu mwanzo wake Boga, kutoka kwa mgeni huyo aliyepigwa. Sasa niambie: Apolo aingie kwenye historia ya Ituri kwa mlango gani? Kwa kanuni ya nani alitangulia, ni Mganda aliyezidisha muda wa kukaa.

Waswahili wana methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bunia imeifuata nusu. Mgeni alipewa jembe, akalima, akajenga, akalipa kodi, akazika watoto wake. Miaka sabini baadaye mwenyeji anarudi kudai jembe, shamba na mavuno, na kumkumbusha kwamba siku mbili zilikwisha.

4. Mji ulijengwa na nani hasa?

Tuache mababu kidogo, tuutazame mji wenyewe, kwa sababu mji si kilima. Kilima kinaweza kuwa na mwenyewe wa kale. Mji wa soko, karakana, shule na ofisi ni jambo jingine, na Bunia ni mtoto wa mambo matatu: dhahabu, ziwa na barabara.

Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, uchimbaji ukaanza mwaka 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Migodi hiyo ilimeza watu. Machifu walitakiwa kutoa vijana, na vijana walitoka kila upande, kwa hiari au kwa kamba. Wachimbaji walihitaji kula, kwa hiyo nyanda za Djugu zililazimishwa kulisha migodi kwa maharagwe, mahindi na nyama. Mizigo ilishuka hadi bandari ya Kasenyi kwenye Ziwa Albert, ikavushwa na meli hadi Butiaba upande wa Uganda. Upande wa pili barabara ilikata msitu kuelekea Kisangani. Irumu ndiyo iliyokuwa makao ya utawala kwanza. Bunia ilikua kwa sababu ilikaa penye njia, ikavuta makarani, madereva, maseremala, wauza duka wa Kigiriki, wafanyabiashara wa Kinande, walimu na watawa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja akiwa na mpango wa kuharibu urithi wa mtu. Wengi walikuja kwa mshahara, wengine kwa kulazimishwa.

Kisha zije zile desturi ambazo mtu wa Bunia anaziishi kila siku, halafu tuulize ni za kabila gani.

Kiswahili kwanza. Hakikuota kando ya Shari. Kilipenya msituni katika karne ya 19 na misafara ya pembe na watumwa. Mwaka 1887 msafiri Stanley alipoukata msitu wa Ituri akiwa na mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar, alimkuta mfanyabiashara wa pembe Ugarrowwa na watu wake, na akawakuta watu wa mwenzake Kilonga-Longa kule Ipoto, wakiteka na kuchoma vijiji. Ni asili ya aibu. Hata hivyo ndiyo lugha ambayo Mhema huitumia kununua samaki kwa Mlendu, Mnande kumkopesha Mbira, na padri Mwalur kuwaungamisha wote wanne. Kando yake kuna Lingala, iliyoletwa na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni. Mtetezi wa wenyeji anayewalaani wageni redioni hulaani kwa lugha hizo mbili, zote zikiwa zimeingia na watu wenye bunduki kutoka mbali. Hajawahi kudai zirudishwe kwao.

Matanga pia. Mtu akifa mtaani, kikundi cha maombi, kwaya, wenzake wa kazi na majirani hugawana zamu: huyu jeneza, yule maji, wale kuni na viti. Familia ya mbali hufika barabara ikiruhusu. Jirani hana haja ya kufika, kwa sababu yupo hapo tangu mwanzo. Na likelemba ya mama wa soko: kila mmoja anatoa sawa, mmoja anapokea zote, zamu inazunguka. Kinachomwingiza mama kwenye likelemba ni uaminifu wa malipo. Hakuna anayemuuliza babu yake alivuka mto Semliki mwaka gani, maana babu hatalipa deni.

Na shule, hospitali, makanisa. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia kwa kituo cha Kasengu, upande wa Mahagi, mwaka 1912, na kanisa la CECA 20 likatoka humo. Wakatoliki wakajenga parokia ambazo mwaka 1959 ziliingia katika jimbo la Bunia. Kuna chuo cha theolojia cha mwaka 1961 ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Shalom. Kuna redio Candip, iliyozaliwa katika chuo cha ualimu kwa ajili ya kufundisha. Humo ndimo wenyeji na wageni wa Ituri walipokaa benchi moja. Ukiondoa mambo haya kwa sababu hayana kabila, kinachobaki cha Bunia ni mto tu.

5. Babu mwenye muhuri wa 1973

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako unafiki umeiva. Ardhi ndiyo sababu inayotajwa ya kudai utangulizi. Lakini chunguza mashamba makubwa yaliyozua ugomvi, na mara nyingi hutakuta ukoo. Utakuta konsesheni, yaani shamba kubwa linalomilikiwa kwa hati ya serikali. Walowezi waliyachukua chini ya ukoloni. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ikairudishia serikali mamlaka juu ya ardhi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ikatamka kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Na mwishoni mwa mwaka huohuo zairianisation ya Mobutu ikagawa mashamba na biashara za wageni kwa waliokuwa karibu na meza. Aliyesoma, aliyejua ofisi, aliyekuwa na ndugu Kinshasa, alipata karatasi. Aliyekuwa akilima bila karatasi akawa mvamizi juu ya kaburi la baba yake.

Hapo ndipo palipowaka moto wa vita vya 1999. Katika Walendu Pitsi, ugomvi ulianza juu ya wenye konsesheni waliotuhumiwa kupanua mipaka yao kwa hati za hila na kuwafukuza wakulima. Juni mwaka huo Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda alitangaza mkoa wa Kibali-Ituri na kumweka Adèle Lotsove, Mhema, kuwa gavana. Walendu waliona kwamba mshindani wao amepewa serikali. Hesabu hatua hizo moja moja: sheria ya Kinshasa, karatasi ya karani, ofisa aliyehongwa, jenerali wa nchi jirani. Kati yao wote hakuna babu. Mababu waliitwa baadaye, kuja kutoa sababu ya heshima kwa jambo lililoanza kama wizi wa kawaida wa mashamba.

Basi mtu anayesema ardhi ni ya mila aanze kwa kurudisha konsesheni yake, ambayo kisheria haikutoka kwa mila. Kama anaitetea kwa sheria ya 1973, akubali kwamba sheria hiyohiyo inamlinda Mnande mwenye hati halali ya kiwanja. Mara nyingi anataka yote mawili: sheria anapomiliki, mila anapomfukuza mwenziwe.

6. Gharama isiyotajwa

Mtazamo huu ulishajaribiwa. Hatuhitaji kukisia ungefanya nini ukipewa madaraka.

Agosti 2002 UPC, kundi la wanamgambo wa Kihema la Thomas Lubanga, liliutwaa mji. Kauli yake ilikuwa Ituri ya Waituri. Wasiozaliwa Ituri walipewa jina, jajambu, na jina lilifuatwa na orodha, orodha ikafuatwa na milango kuvunjwa usiku. Walendu walisakwa, Wanande walisakwa. Kisha zamu ikafika kwa Wabira, ambao kwa kanuni ya utangulizi ndio waliopaswa kuwa salama kuliko wote. Hapo kanuni ilijionyesha ilivyo: mgeni ni yule asiyemtii mwenye bunduki. Na wenye nchi hao, waliochukia watu wa nje kwa kiwango hicho, walipata silaha zao kutoka Uganda, kisha Rwanda.

Septemba mwaka huo, Nyankunde, katika nchi ya Wabira, ikaangamizwa na wanamgambo wa upande wa pili. Hospitali ya misioni iliyotibu Ituri yote iligeuzwa machinjio. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika mji huo mdogo, wagonjwa wakiwa vitandani. Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka, Bunia ilipita mikono miwili ndani ya siku chache, na kila mkono ulikuwa na orodha yake. Ndipo Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1484, na askari wa Ulaya wakiongozwa na Ufaransa wakaja kusimama kati ya mitaa ya mji mmoja. Makadirio ya waliokufa Ituri kuanzia 1999 yalikuwa yamefikia raia 50,000. Haya ndiyo matunda ya kujua kila mtu mahali pake.

Wapo watakaosema hayo yalipita. Tangu Desemba 2017 maelfu kwa maelfu wamekimbia Djugu na kuingia Bunia, wakakaa kambini, kama pale Kigonze. Watoto waliozaliwa humo wameshaanza shule. Kwa kanuni yetu, hao ni nani? Wametoka umbali ambao pikipiki huumaliza kwa siku moja, ni Waituri kwa kila kipimo, na bado mjini wanaitwa wageni, wanapimwa kwa jicho la nani atarudi lini. Kanuni iliyotengenezwa kumfukuza Mnande imemfikia binamu.

Tena kanuni hiyo haina mwisho. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard alifika kwa chifu Kavalli, kando ya Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na gavana Emin Pasha, akavuka nao Uganda. Baadhi ya wazao wa askari wale ndio Wanubi wa leo, wa Bombo na wa Kibera jijini Nairobi. Walipigania Uingereza vita vyake, wakajenga Kibera, na kwa zaidi ya miaka 100 wakaitwa wageni. Hata kitambulisho kilikuwa vita. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya iliwadhulumu watoto wao, na mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288. Wangerudi kwa Kavalli leo kudai walikotoka, tungewaambia nini? Kwamba walikuwa wageni huku pia. Mtu anaweza kuwa mgeni kila mahali alipopita, ikiwa wenye kupima ni wale waliobaki.

7. Pingamizi lililo zito

Kuna jibu moja linalostahili kusikilizwa. Wanasema: ukiondoa haki ya aliyetangulia, wenye fedha watanunua kila kitu. Mkulima mdogo wa Irumu au Djugu hana hati, hana wakili. Kitu pekee kinachomzuia tajiri ni neno la wazee kwamba hapa ni pa fulani.

Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini tazama kinga hiyo ilivyomlinda mpaka sasa. Haikumlinda mwaka 1973, haikumlinda mwaka 1999. Walionufaika na siasa ya kabila ni wachache wa kila kabila waliopata ukubwa kwa jina la wengi: mbunge, kanali, mwenye konsesheni, mwenyekiti wa chama cha kijamii. Mkulima Mhema hakugawiwa ng'ombe wa mkubwa Mhema. Mkulima Mlendu hakugawiwa dhahabu ya kamanda Mlendu. Kinachomlinda mkulima ni haki yake kama mkulima: rejista ya ardhi iliyo wazi, mpaka unaoshuhudiwa na jirani wa kila upande akiwemo yule wa kabila jingine, hakimu asiyenunuliwa. Ushahidi wa wazee una nafasi humo, kama ushahidi wa nani alilima wapi. Ukipandishwa cheo ukawa hukumu ya nani ni mtu kamili, unamrudisha mkulima kwenye mikono ya wakubwa walewale.

Iandikwe historia gani?

Mwaka 2003, Bunia ikiwa bado inanuka moshi, tume ya kutuliza Ituri iliunda bunge maalumu la mpito, na mwanamke, Pétronille Vaweka, akaliongoza. Kazi yake ilikuwa kwenda kuzungumza na makamanda ambao wanaume wengi walikuwa wakiwakimbia. Mwaka 2023 Taasisi ya Amani ya Marekani ilimpa tuzo. Watoto wetu wanajua majina ya makamanda Lubanga, Katanga na Ntaganda, waliofikishwa mahakamani The Hague. Uliza shuleni wangapi wanajua la Vaweka. Historia ya makabila haina mahali pa kumweka, kwa sababu alichofanya hakikufanywa kwa niaba ya kabila.

Basi ninaowaomba jambo ni hawa wanaoandaa vitabu vya mji, maonyesho ya mji, sherehe za mji: futeni jedwali la makabila na mila zake. Anzeni na daftari za ubatizo na ndoa za parokia, ambamo majina ya pande zote yameandikwa mstari mmoja. Tafuteni orodha za wafanyakazi wa Kilo-Moto, muone vijana walitoka wapi na wangapi hawakurudi. Kusanyeni kanda za Candip, vitabu vya likelemba, madaftari ya michango ya matanga. Waulizeni wazee wa Mudzipela, Nyakasanza, Lumumba na Saio nani alimficha nani mwaka 2002 na 2003, ndani ya chumba gani, kwa siku ngapi, na kwa nini. Wengi waliofichwa hawakuwa wa kabila la mficha, na wengine kati ya walioficha waliuawa kwa kosa hilo.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuimba ukoo, tena ina hatari zake. Itaonyesha nani alilipwa kwa ajira ya vijana, nani alipata konsesheni na kwa muhuri wa nani, nani aliandika orodha za usiku. Nadhani ndiyo sababu ya kweli ya swali la nani alitangulia kupendwa namna hii na wakubwa wa kila upande. Maadamu tunabishana juu ya waliokufa miaka 300 iliyopita, hakuna anayewauliza walio hai waliyoyafanya miaka 20 iliyopita.